Ng'ombe Wanne wa Ernesta

Kijiji cha Jitegemee,
karibu na Runazi, Biharamulo.
4 Juni 1978

Mdogo wangu Ernesta,

Marahaba. Najua hujanisalimu bado, lakini shikamoo yako nimeipokea mapema ili tusipoteze karatasi. Huku karatasi imekuwa kama sukari, inatajwa kila mkutano na haionekani.

Mama hajambo isipokuwa miguu. Anasema imegoma tangu siku ile ya Operesheni Vijiji, alipotembea kutoka Nyamahanga na kinu kichwani kwa kuwa lori lilibeba watu na mabati tu. Namwambia hiyo ni miaka minne sasa. Ananijibu kwamba miguu haisomi kalenda. Mke wangu Marsiana hajambo. Mimi nimefaulu kisomo cha watu wazima na nimepewa cheti kinachosema najua kusoma. Nilikisoma mwenyewe nikahakikisha.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita halmashauri ya kijiji ilipita kuhesabu mifugo. Katibu akasimama mlangoni mwa zizi.

"Kazimili, una ng'ombe wangapi?"

"Zizini wamo kumi na mmoja."

"Sikuuliza zizi. Nimekuuliza wewe."

"Mimi nina fimbo."

Walicheka, wakaandika kumi na mmoja. Wewe unajua hesabu ilivyo. Wanne ni wako, wale ambao kina Emilian walitoa alipokuoa. Saba ni wa Bwana Gervasi wa ofisi ya wilaya, aliyeniwekea kwa ile desturi yetu ya kubilisa: mimi nachunga, nakamua na kunywa, ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe. Zamani aliyebilisa alijisifu mbele ya watu. Bwana Gervasi aliniambia, "Ukiulizwa, sema ni wako. Kiongozi akionekana na zizi, watu watamwita kabaila." Basi kwenye karatasi yeye hana hata mbuzi. Nikimwona ndani ya Landrova namhurumia sana.

Wiki iliyopita yakaja mahindi ya msaada, maana maharage hayakushika na mihogo imeingiwa na ugonjwa. Wakatangaza kwamba mwenye ng'ombe zaidi ya kumi ni mwenye uwezo, hapewi. Nilirudi na gunia limekunjwa vilevile. Mama akauliza kumetokea nini, nikamwambia, "Mwanao ni tajiri." Alicheka mpaka akakohoa. Jioni tulikunywa maziwa ya Bwana Gervasi, tukalala.

Barua yako ya Pasaka haikuwa na salamu za shemeji. Emilian hajambo?

Kaka yako,
Kazimili Shilinde


Mabawe, Ngara.
16 Julai 1978

Kaka,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu, na Marsiana salamu. Restuta sasa ana miaka mitano na anamwuliza kila mgeni kama ametoka kwa mjomba.

Sisi tupo. Tangu tuliposhushwa mlimani tunakaa kwa mistari kama mahindi ya shamba la shule. Mlango wangu unatazamana na mlango wa jirani, nikikoroga uji anajua ni mzito au mwepesi. Kahawa ya baba mkwe, mzee Ndayisaba, ilibaki kule juu, siku hizi wanaovuna ni nyani. Migomba imekuwa msitu. Tuliambiwa tutapanda mipya huku chini, lakini huku ni changarawe. Jumapili Emilian hupanda mlimani kuitazama tu ile kahawa. Akirudi hasemi na mtu mpaka giza.

Usishangae mwandiko. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika, niliteleza kisimani.

Kaka, nataka kuuliza habari za ng'ombe wangu. Wapo wote wanne? Yule Kipara bado anazaa? Wana nguvu ya kutembea mbali?

Umeuliza Emilian. Yuko.

Mimi,
Ernesta


Kijiji cha Jitegemee.
2 Septemba 1978

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imeletwa na Habibu, yule mwuza vitenge wa mjini Biharamulo ambaye lori lake linafika mpaka minada ya Ngara. Alikaa, akanywa maji, akasifu maji, akasifu mti, akasifu hata jogoo wangu mwenye jicho moja. Nikajua ana jambo.

"Haya, Habibu. Toa."

"Kaka Kazimili, mimi ni mtu wa vitenge."

"Najua. Toa."

"Dada yako nilimwona mnadani. Kajifunga mtandio mpaka hapa, na jua lile! Upepo ukaufunua kidogo."

Akagusa jicho lake la kushoto, akaomba maji mengine. Sasa nakuuliza kama mtu mwenye cheti: kisima gani huko Mabawe kinachovunja mkono wa kulia kikaja kupiga na jicho la kushoto?

Mama nilimsomea barua yako yote. Hakuuliza juu ya mkono. Aliuliza, "Ng'ombe wa Ernesta wamekunywa maji leo?" Nikamwambia wamekunywa. Akasema, "Wanyweshe vizuri." Unakumbuka baba alipofariki nikataka kuoa kwa ng'ombe hao, na mama akasimama mlangoni mwa zizi na mchi mkononi? Alisema ng'ombe wa mahari ni njia ya binti kurudia kwao, na mtu hali njia. Nikaoa nikiwa na mvi.

Wapo wote wanne. Kipara amezeeka lakini hajakubali. Wanaweza kutembea. Kutoka hapa mpaka kwenu ni siku tano kwa mwendo wa ng'ombe, nne kwa mwendo wa mwenye hasira.

Niambie. Emilian hajambo?

Kazimili


Mabawe.
12 Novemba 1978

Kaka,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Habibu ana macho ya kupimia kitambaa, mwambie apime kitambaa.

Nilianza barua hii mara mbili mwezi wa kumi nikaichoma. Sasa mambo yamebadilika. Mmesikia vita kama sisi tulivyosikia. Wiki iliyopita waliwaita mgambo wote wa kijiji, na Emilian ameondoka. Walipandishwa gari pale shuleni, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga. Jirani yangu akasema, "Ernesta, leo una sauti!" Sijui kama ni dhambi.

Sasa nasema. Kisima hakina kosa. Imekuwa hivyo tangu tuliposhuka mlimani. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kunyamaza tu, lakini mtu aliyevuliwa kahawa yake hana wa kumpiga serikalini, akirudi nyumbani ananikuta mimi. Nimemwonea huruma miaka minne. Huruma imekwisha, kaka. Mwezi wa tisa alimsukuma Restuta.

Nataka kurudi nyumbani na mtoto wangu. Nimezungumza na mzee Ndayisaba. Unajua ni mtu wa haki. Alivuta kiko chake mpaka kikazimika, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyewatoa wale ng'ombe, mimi ndiye wa kuwapokea. Wakirudi wote wanne, wewe na mtoto mtakwenda. Wasiporudi, unaweza kwenda wewe, mtoto atabaki kuwa wetu. Lakini iwe mapema. Mwanangu akirejea, neno litakuwa lake."

Basi nakuomba uwalete, kaka. Uwalete yeye akiwa vitani.

Ernesta


Kijiji cha Jitegemee.
27 Desemba 1978

Mdogo wangu Ernesta,

Marahaba sana. Barua yako ilichelewa. Lori la Habibu limechukuliwa kwa kazi ya vita, na yeye sasa anatembeza vitenge kwa baiskeli na kumsifu kila mtu zaidi kuliko zamani, kwa ajili ya uchovu nadhani.

Huku tunapigana pia. Tuliambiwa tufunike taa zetu ndege zisituone. Taa zetu hazina mafuta tangu mwezi wa tisa, kwa hiyo tulifaulu kuliko mji mzima, na katibu akatupongeza. Vijana kumi na wawili wamekwenda. Wasiokwenda wanachimba handaki nyuma ya duka la kijiji. Kuku wamelipenda, hawataki kutoka. Kila kaya imetoa kitu, aliye na mihogo mihogo, aliye na kuku kuku. Mkutano ulikuwa mkubwa, watu waliimba mpaka sauti zikakauka, na mimi niliimba. Hakuna anayebisha, nchi ikivamiwa mtu hutoa.

Mama miguu imezidi, na sasa kifua. Anakunywa maziwa kidogo asubuhi, ndiyo chakula chake.

Habari ya safari ya ng'ombe nimeielewa. Ila kuna maneno ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mifugo imezuiwa njiani. Tena mvua imekata barabara. Tungoje kidogo. Kiangazi si mbali.

Mwambie mzee Ndayisaba namheshimu sana.

Kazimili


Mabawe.
28 Januari 1979

Kaka,

Shikamoo. Mama apate nafuu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeandika handaki, kuku, taa, vitenge vya Habibu. Ng'ombe wangu umewaandikia mistari mitatu. Unasema ugonjwa wa miguu. Wote wanne kwa siku moja? Naona kalamu yako ndiyo inayochechemea.

Mzee Ndayisaba amekata miiba na kurekebisha zizi, akiwa na umri ule. Watu wanamwuliza, "Mzee, zizi la nini na huna ng'ombe?" Anajibu, "Nina wageni." Lakini anakohoa damu. Akiondoka yeye, hakuna wa kunipokelea.

Restuta amejifunza njia. Anasema: Mabawe, halafu barabara kubwa, halafu siku tano, halafu bibi.

Niambie tarehe tu, kaka. Nitahesabu mwenyewe.

Ernesta


Kijiji cha Jitegemee.
11 Machi 1979

Ernesta,

Safari hii sina la kuchekesha.

Mama ametutoka tarehe 19 Februari. Tumemzika huku kwenye mistari, si Nyamahanga kwa baba. Niliomba kibali na gari, nikaambiwa magari yote yako vitani. Ni kweli, yako vitani.

Sasa nitakueleza jambo ambalo nilipaswa kukueleza Desemba, na utalisoma ukiwa umekaa.

Ng'ombe wako hawapo. Walikwenda tarehe 3 Desemba.

Halmashauri iliamua kwamba zizi lenye zaidi ya kumi litoe wanne kulisha askari. Zizi la namna hiyo kijijini lilikuwa moja, langu. Siku moja kabla, Bwana Gervasi alikuja na Landrova. Alimletea mama nusu mche wa sabuni. Akaniambia, "Kazimili, nchi imevamiwa. Kesho zizi lako litoe kwa moyo mmoja."

"Tutatoa, mzee. Watoke wepi?"

"Mwenye zizi ni wewe." Kisha akaegemea mti wa zizi akawatazama wake, mmoja mmoja, bila haraka. Alipofika wa saba akaishia hapo. Waliobaki hakuwatazama kabisa.

Ningeweza kusema, "Mzee, wote tunaotoa ni wa nchi, tutoe wawili wako, wawili wa dada yangu." Maneno hayo nimeyapanga vizuri tangu Desemba, naweza kukusomea bila kukwama. Siku ile yalikataa kutoka. Nilijua akikasirika atawaondoa wote saba, na mama alikuwa anaishi kwa maziwa yale. Mahindi hatupewi, sisi ni matajiri. Nikapima kibuyu cha mama na njia yako. Nikachagua kibuyu.

Kesho yake niliwatoa mwenyewe. Kipara aliwekwa ubao apande lori, akageuka kutazama zizi, wakamsukuma watu sita. Watu waliimba. Nilikuandikia kwamba niliimba, na ni kweli niliimba. Nikapewa cheti cha shukrani, katibu akakisoma mbele ya watu: Ndugu Kazimili Shilinde, mzalendo. Sasa nina vyeti viwili. Hiki cha pili sijakisoma mwenyewe.

Mama hatukumwambia. Miguu yake haikumfikisha zizini. Lakini Januari alisikia sauti za ng'ombe zimepungua, akaniita.

"Kazimili, simsikii Kipara."

Nikamsogezea kibuyu cha maziwa.

"Haya maziwa ni ya nani?"

"Ya Bwana Gervasi, mama."

Akaweka kibuyu chini. Hakukigusa tena. Marsiana alimbembeleza, majirani walimbembeleza, nilimbembeleza kwa magoti. Akasema, "Mtu hali njia. Nanyi mmeninywesha." Ndivyo ilivyokuwa mpaka tarehe ile niliyokuandikia.

Nimepoteza vyote viwili, njia na kibuyu. Mtu akinipa cheti cha hesabu nitakirudisha.

Sikuombi msamaha. Nakuuliza tu kama umepata barua hii.

Kazimili


Mabawe.
2 Mei 1979

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako nimeipata jana. Ilikaa posta wiki sita, bahasha ikapigwa na mvua, lakini maneno yote yalisomeka. Nimemlilia mama. Nilinyoa nywele. Majirani walidhani ni Emilian, wakaja na unga, nikawaambia ni mama yangu, wakauacha hivyohivyo.

Nilitaka nisikuandikie tena. Nimekaa na hasira usiku kucha na asubuhi nikaona jambo, nimeona nikuandikie hilo tu.

Karatasi ya kijiji inasema wale saba ni wako. Bwana Gervasi mwenyewe alitaka iandikwe hivyo. Kwa karatasi hiyo ulinyimwa mahindi. Kwa karatasi hiyo ulitozwa wanne. Basi wamebaki saba, na karatasi haijabadilika. Toa wanne ulete. Yeye atamlalamikia nani? Akisema ni wake, mtu atamwuliza, je, mzee, hawa ulikuwa umewaficha wapi?

Umekuwa tajiri wa kuumia mwaka mzima. Kuwa tajiri siku tano tu, kaka, kutoka huko mpaka huku.

Kampala imeanguka, tumesikia redioni. Shule nzima ilicheza. Wanasema mgambo watarudi kabla ya kiangazi kwisha. Mzee Ndayisaba bado yupo, anazungumza kwa shida, lakini akinyoosha kidole kuonyesha zizi namwelewa.

Usiniandikie. Njoo.

Ernesta


Kijiji cha Jitegemee.
30 Juni 1979

Mdogo wangu,

Umeniambia nisiandike, nije. Nilikuja. Naandika kwa sababu sikufika.

Barua yako ilinifikia tarehe 29 Mei. Jumatatu iliyofuata nilifungua zizi asubuhi, watu wakiwa wanakwenda shambani, nikawatoa wanne waliokuwa na afya kuliko wote. Sikujificha. Katibu wa kijiji aliniuliza, "Kazimili, wapi?" Nikamjibu, "Nawapeleka ng'ombe wangu kutembea." Akatazama daftari kichwani mwake, nadhani, akaona hana neno. Marsiana alinifungia viazi na akanisindikiza mpaka daraja. Miaka yote hajawahi kunisindikiza.

Siku tatu nilikuwa tajiri, Ernesta. Nakuambia ukweli, si vibaya. Watu wa njiani walinisalimu kwa kuinama kidogo. Mzee mmoja alinikaribisha maji akaniuliza nina binti wa kuoza au kijana wa kuoza. Nikamwambia nina dada wa kuozua, kumtoa kwa mume. Alifikiri, akasema, "Hiyo nayo ni kazi ya mwanamume."

Siku ya nne nikafika kizuizi cha mifugo, pale njia inapoingia upande wenu. Bwana wa kizuizi alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

"Wangu."

Akatazama miguu yangu. Halafu kaptura.

"Mzee, usinichoshe. Wa nani?"

"Wangu, mwanangu. Ulizia kijijini kwetu, imeandikwa. Nina kumi na mmoja. Yaani saba. Wanne nilitoa vitani, nina cheti." Nikakitoa. Nilikuwa nimekibeba. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukisoma, nilikisoma kwa sauti mbele yake.

"Mtu mwenye ng'ombe saba anatembea peku? Kiraka chako kina kiraka. Kibali cha kusafirisha kiko wapi?"

Sikuwa nacho. Kibali kinatiwa sahihi na Bwana Gervasi.

Basi mwaka mzima nilisema "si wangu" hakuna aliyeniamini, na siku niliyosema "wangu" hakuna aliyeniamini vilevile. Walinifungia stoo ya ngozi siku nne, ng'ombe wakala majani ya serikali. Kutoka pale niliona vilima vya kwenu. Au nilidhani ni vya kwenu.

Siku ya tano ikaja Landrova, Bwana Gervasi ndani. Kijana akapiga saluti. Akamwuliza, "Mheshimiwa, unamfahamu huyu?" Nikasema moyoni, sasa ni hapa. Akisema ng'ombe ni wake, amekwisha. Akisema ni wangu, napita. Hakusema hili wala lile. Alinitazama kwa upole kabisa, akanipa sigara, akasema, "Namfahamu. Huyu ni mtu wangu. Mwacheni arudi na ng'ombe."

Mtu wake. Mwenye ng'ombe hakumtaja.

Nilirudi nao, siku nne. Wiki iliyofuata akawahamishia kwa mjane mmoja wa kijiji cha pili, ambaye sasa ndiye tajiri. Zizi langu halina hata kinyesi kibichi. Juzi mahindi ya msaada yalikuja tena. Nilikwenda na gunia. Katibu akafungua daftari, akasema, "Kazimili Shilinde, kumi na mmoja," akanionyesha kwa kalamu. Nilisoma mwenyewe. Imeandikwa vizuri sana.

Nimejaribu, mdogo wangu, nimechelewa miezi sita. Mzee Ndayisaba yuko? Njoo wewe na Restuta hivyohivyo, kwa miguu, bila ng'ombe, halafu kina Emilian watukute huku. Nitasimama mlangoni na mchi wa mama. Bado ninao.

Kazimili


Mabawe, Ngara.
19 Agosti 1979

Kaka yetu mpendwa Kazimili,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na wifi Marsiana. Sisi huku wote ni wazima.

Mzee Ndayisaba alifariki tarehe 23 Juni na kuzikwa vizuri. Aliuliza habari zako.

Ulikuwa ukiuliza Emilian hajambo. Sasa anakujibu mwenyewe, hajambo na anakusalimu sana. Amerudi tarehe 8 mwezi huu na wenzake. Kijiji kiliwapokea kwa ngoma. Sasa yuko hapa karibu ninapoandika, na anasema nikuandikie kwamba barua zako zote atakuwa anazisoma, maana amekukumbuka. Zile za zamani pia amezipata kwenye sanduku.

Wenzake wengine wamerudi bila mguu, na mmoja ameacha mkono. Yeye, tumshukuru Mungu, mikono yake yote miwili ni mizima.

Anasema huko vitani mwezi wa kumi na mbili walikula nyama nzuri ya ng'ombe waliotoka Biharamulo. Anasema hajapata kula nyama tamu kama ile. Nimemwambia nafurahi.

Zizi la mzee tumelivunja, miiba tumepikia.

Restuta anasalimu. Haulizi tena wageni wametoka wapi.

Samahani kwa mwandiko, kaka. Kisima chetu bado kinateleza.

Dada yako,
Ernesta